Nimewarekebishia kosa lao, hata asante hakuna: nirudi au niachane nao?

*"Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa tatu, nasoma kompyuta. Nimewaandikia SACCOS ya mtaani kwetu programu ndogo ya kusajili wanachama na kutoa risiti, kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ndani yake natumia maktaba moja ya programu huria (msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ulio wazi kwa wote) inayosafisha majina. Tatizo: Ng'ang'a anatoka Ng'Ang'A, na Ng'wandu anatoka Ng'Wandu. Mzee mmoja alinirudishia risiti akaniuliza kama najua kusoma. Nikafungua msimbo wa ile maktaba, nikakuta mstari wenye kosa, nikabadili title nikaweka capwords, mambo yakawa safi. Nikaona nisiwe mchoyo, nikawatumia rekebisho kupitia GitHub, tovuti ambako miradi ya programu hutunzwa. Humo humo nikawapangia faili lao maana lilikuwa shaghalabaghala. Jumla mistari kama mia mbili. Wiki tano kimya. Halafu mtunzaji wa maktaba akaandika: 'O'Brien je? Ondoa yasiyohusika, ongeza jaribio.' Hata asante hakuna. Siku hiyo hiyo ikatokea alama nyekundu kwenye ombi langu la kuingiza rekebisho. Nikakasirika, nikalifunga ombi langu. Rafiki yangu anasema wameona jina la Kiafrika ndiyo maana. Je, nibaki na nakala yangu niachane nao, au nirudi? Na nikirudi nifanyeje?"*

Marahaba. Nimesoma barua yako, kisha nikafungua kompyuta nikayajaribu hayo majina mwenyewe, kwa hiyo ninayokuandikia hapa nimeyaona kwenye kioo. Hasira yako naielewa. Umetumia usiku wako kumtengenezea mtu kitu chake, kimya wiki tano, halafu unajibiwa kama karani aliyekosea fomu. Ila tuanze na kosa lenyewe, maana nusu ya majibu yako imelala humo.

Amri ya title haijui jina ni kitu gani. Inapita herufi moja moja. Ikikuta herufi ambayo nyuma yake hakuna herufi nyingine, inaifanya kubwa. Iliyobaki yote inaifanya ndogo. Nafasi si herufi, kistari si herufi, na ritifaa, ile alama ya ', nayo si herufi. Kwa hiyo kwenye Ng'ang'a inaona maneno matatu: Ng, ang na a. Nyaraka za Python zenyewe zinaieleza tabia hii, kwa mifano ya Kiingereza. Sisi tunajua kwamba ritifaa yetu haitenganishi chochote, ni sehemu ya sauti: unang'oa mhogo, lakini analia ngoa mwenye wivu. Mashine haikuambiwa hivyo.

Sasa capwords. Hiyo inakata jina kwenye nafasi tu, inakuza herufi ya kwanza ya kila kipande na kuzishusha zote zinazofuata. Ng'ang'a anatoka salama, na ndiyo maana ulifurahi. Lakini mpe O'Brien, anatoka O'brien. Mpe D'Souza, na hao Wagoa wamejaa Nairobi na Dar, anatoka D'souza. Mpe Abdul-Rahman, anatoka Abdul-rahman. Hawa watatu jana walikuwa sawa. Umemtoa Ng'ang'a shimoni, ukamtumbukiza Abdul-Rahman, na kwenye SACCOS ya pwani huyo hakawii kuja dirishani na risiti yake mkononi.

Kwa hiyo "O'Brien je?" lilikuwa swali zuri kuliko yote ambayo angeweza kukuuliza. Aliusoma msimbo wako, akauelewa, akaona mahali utakapovunjika. Mtu asiyejali angebonyeza kitufe cha kukubali akaenda kulala. Kwamba aliliuliza kwa ukavu, hilo nakubaliana nawe. Asante ingemgharimu nini?

Nikuonyeshe ugumu wenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Unaweza kuweka kanuni nyembamba: ritifaa ikitanguliwa na n na g, herufi inayofuata isikuzwe. Hapo unawaokoa Ng'ang'a, Ng'wandu na Nyang'au wa Kisii, na hata neno la Kiingereza kama King's linapona, maana title inaliandika King'S. O'Brien na D'Souza hawaguswi. Lakini Sa'id bado anatoka Sa'Id. Basi unapanua: kuza baada ya ritifaa pale tu ambapo kabla yake kuna herufi moja pekee. O'Brien sawa, D'Souza sawa, Ng'ang'a sawa, Sa'id sawa. Unataka kushangilia, anatokea Mwitaliano anaitwa Dell'Orto. Njia ya tatu ni kutogusa kabisa jina ambalo tayari lina herufi kubwa na ndogo mchanganyiko, kwa sababu mwenye jina ameliandika anavyolijua; unarekebisha lile lililoandikwa lote kwa kubwa au lote kwa ndogo. Mimi napenda hii ya tatu. Ila inabadilisha tabia ya maktaba kwa kila anayeitumia, na badiliko la namna hiyo halianzi kwa msimbo, linaanza kwa mazungumzo.

Na bado kuna ritifaa mbili. Ile ya kwenye kibodi ya kompyuta, iliyonyooka, ina namba 0027 katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama ya maandishi namba yake. Simu nyingi na programu za kuandikia hukubadilishia zikaweka ile iliyopinda, namba 2019. Kwa jicho zinafanana. Kwa mashine ni vitu viwili. Mwanachama akijisajili kwa simu na mwingine akaandikwa na karani ofisini, kanuni yako inayojua ritifaa moja tu itamsahihisha mmoja na kumwacha mwenzake. Hili hakuna mzungumzaji wa Kiingereza atakayeliwaza kwenye ng', wewe ndiye uliyenalo mkononi. Liweke kwenye rekebisho lako.

Tuje kwenye kimya cha wiki tano. Wewe umekihesabu kama kukataliwa. Miradi mingi ya programu huria ya ukubwa huo inabebwa na mtu mmoja au wawili, baada ya kazi, watoto wakishalala. Linux yenyewe, mfumo endeshi wa kompyuta wenye maelfu ya wachangiaji na makampuni nyuma yake, inawaambia wanaotuma marekebisho wasubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na kwamba majibu kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu. Baada ya wiki mbili ungeandika mstari mmoja wa heshima, ungekuwa ndani ya haki yako kabisa. Hukuandika; ulinyamaza ukawa unajaza kisirani.

Ile alama nyekundu kutokea siku ile ile ya jibu nayo ina sababu. Tangu 2021, mtu anayetuma mara ya kwanza kwenye mradi wa wazi wa GitHub, kwa kawaida majaribio ya mashine hayaanzi mpaka mtunzaji ayaruhusu kwa mkono wake, kwa sababu watu walikuwa wanatuma maombi ya uongo ili kutumia mitambo hiyo kuchimba sarafu za kidijitali. Nadhani alikuruhusu, mashine ikayapiga majaribio yaliyokuwapo, mojawapo likaanguka. Bonyeza hiyo alama usome. Sitashangaa ukimkuta O'Brien amekaa humo tangu mwaka alipoingizwa na mtu mwingine aliyekuwa na hasira kama zako.

Kosa ambalo kweli nitakulaumu nalo ni kupanga faili. Fikiria anachokiona yule bwana. Rekebisho lako halisi ni hili:

- return jina.title()
+ return capwords(jina)

Mstari mmoja umetoka, mmoja umeingia, ukiacha ule wa juu wa kuileta capwords. Angeusoma akiwa amesimama anasubiri chai ichemke. Badala yake amefungua akakuta mia mbili, nyingi zikiwa nafasi zilizosogezwa na nukuu zilizobadilishwa, na ndani ya hizo umefichama mmoja wenye maana. Lazima asome zote, kwa sababu hakujui wewe ni nani. Mimi mwenyewe, badiliko langu la kwanza kabisa lilikuwa la mstari mmoja, lakini kihariri changu kilikuwa kimefuta nafasi za mwisho wa kila mstari bila kuniambia. Likaonekana mistari mia tisa. Jibu nililopata: "Liko wapi?" Nilijificha mwezi mzima.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mabadiliko madogo, na hii wachangiaji wapya huwa hawaelezwi. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inaweka kila hatua. Siku programu ikiharibika na hakuna anayejua nani aliiharibu, mtunzaji anaiambia Git ichague hatua ya katikati, anajaribu, ikiwa nzima, kosa lipo nusu ya pili, ikiwa mbovu, lipo nusu ya kwanza, anakata tena. Katika mabadiliko elfu moja anampata mkosaji kwa majaribio kumi hivi. Lakini mkosaji akiwa ni mzigo wa mistari mia mbili wa "nimerekebisha majina na kupanga faili", amefika mlangoni na bado hajaingia. Linus Torvalds aliiandika Git mwaka 2005 kwa mahitaji ya watu wanaopokea marekebisho kutoka kwa wasiowajua, siku nzima, kila siku, na bado ndivyo inavyotumika.

Hapo kwenye "wasiowajua" nisimame kidogo. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametia mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mashine ya Linux. Hakuvunja dirisha. Alichangia marekebisho ya kweli kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsonga mtunzaji aliyekuwa amechoka: mbona unachelewa, mpe mtu mwingine utunzaji. Akapewa. Aliyemnasa, Andres Freund, alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh, programu ya kuunganisha kompyuta kwa usalama, kumechelewa kama nusu sekunde. Tangu hapo, mgeni anayeleta mistari mingi isiyohusiana na anachodai kurekebisha anaangaliwa mikono. Wewe nia yako ilikuwa njema, lakini nia haionekani kwenye msimbo. Kinachoonekana ni ukubwa wa furushi.

Kuhusu jina lako. Siwezi kukuapia kwamba haliwi sababu popote; upendeleo upo, nimeukuta, na atakayekuambia kompyuta haina rangi anakudanganya. Lakini pima kwa ushahidi ulionao. Jibu ulilopewa linahusu msimbo mwanzo hadi mwisho, na mambo yote matatu aliyoyataja ni ya kweli. Fungua maombi ya wengine kwenye mradi huo huo uone yamekaa muda gani na yamejibiwaje. Ukikuta wengine wanajibiwa siku mbili kwa tabasamu na wewe peke yako unajibiwa kwa miezi, hapo una neno la kusema, na mradi wenye kanuni za mwenendo huwa umeandika mahali pa kulisemea. Ukikuta wote wanajibiwa kwa ukavu ule ule, basi huyo bwana ndivyo alivyo.

Sasa, nakala yako au kurudi? Kubaki na nakala si dhambi, leseni za programu huria zimekuruhusu, na kwa mwezi huu nakushauri SACCOS iendelee nayo ili risiti zitoke vizuri. Bei yake utailipa baadaye. Kila wakitoa toleo jipya utalazimika kuunganisha tena mabadiliko yako kwa mkono. Siku wakiziba tundu la usalama, nakala yako haitazibika yenyewe. Na wewe utahitimu, utapata kazi Mwanza au Kigali, atakayekurithi hatajua kwa nini maktaba hii haifanani na ile ya wenyewe. Kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza: usiyasafishe majina kabisa. Chukua jina lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, hakikisha tu halina nafasi za ziada, litunze hivyo hivyo. Kwa programu ya SACCOS, kusema kweli, hii ndiyo ningeichagua.

Lakini ningerudi pia, kwa sababu kina Ng'ang'a hawako kwenye SACCOS yenu peke yake.

Ukirudi, jambo la kwanza ni la kiufundi na ukilikosea utajuta: lifungue tena lile ombi ulilolifunga KABLA ya kusukuma chochote kipya kwa nguvu (force push) kwenye tawi lako, yaani nakala ya kazi yako ambayo ombi linaisoma. Ukilazimisha historia mpya wakati ombi limefungwa, GitHub inakunyima kitufe cha kulifungua, na utaanza upya ukiwa umeacha mazungumzo nyuma. Likishafunguka, andika sentensi mbili: samahani kwa kufunga, nimeelewa suala la O'Brien, naleta rekebisho dogo zaidi. Kiingereza chako hicho hicho kinatosha. Watunzaji wengi duniani nao ni lugha yao ya pili.

Kisha safisha tawi. Anza na msimbo wa mradi ulivyo leo, rudisha badiliko la jina tu. Kama umeshayachanganya, git add -p itakuonyesha kipande kimoja kimoja ikuulize kama kiingie. Sema hapana kwa kila kisichohusu ritifaa. Weka ile kanuni nyembamba ya ng', kwa ritifaa zote mbili. Ile ya Sa'id na ile ya kutogusa majina mchanganyiko, zifungulie hoja (issue) pembeni, uwaulize wanaonaje. Usilete msimbo wake bado.

Jaribio wasikutishe nalo. Ni orodha ya kilichoingia na kinachotakiwa kutoka: "ng'ang'a" itoe "Ng'ang'a", "NG'WANDU" itoe "Ng'wandu", "nyang'au" itoe "Nyang'au", na kando yake "o'brien", "d'souza" na "abdul-rahman" zitoe zile zile zilizokuwa zikitoka jana. Weka na mstari mmoja wenye ritifaa iliyopinda. Liendeshe kwanza bila rekebisho lako uone linaanguka, kisha pamoja nalo uone linapita. Jaribio ambalo halijawahi kuanguka halijathibitisha kitu. Mtunzaji analitaka kwa sababu wewe utaondoka. Miaka miwili ijayo mgeni mwingine atakuja na rekebisho la Dell'Orto, na hapo jaribio lako ndilo litakalopiga kelele Ng'ang'a akiguswa.

Kwenye maelezo ya hatua, mstari wa kwanza useme kilichobadilika, kwa ufupi. Chini yake eleza kwa nini: kwamba katika Kiswahili na lugha kadhaa za Afrika Mashariki ng' ni konsonanti moja. Yule bwana hakujua, na hana pa kujulia isipokuwa kwako. Akiuliza swali, lijibu mwenyewe. Siku hizi wapo wanaomtupia AI swali la mtunzaji na kubandika jibu lilivyotoka. Daniel Stenberg, mtunzaji wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amekuwa akilalamika hadharani tangu mwanzoni mwa 2024 jinsi ripoti za makosa zilizoandikwa na AI zinavyomla muda, na wengi sasa wanazinusa kutoka mbali.

Iko siku watachukua wazo lako wakaliandika upya kwa msimbo wao. Litauma kidogo. Waombe tu wakutaje kama mchangiaji mwenza, kwa kawaida hawakatai.

Kuna mambo mawili ambayo barua haitoshi. Moja: jaribu kumsajili Ng'ang'a kwenye programu yako yenyewe, si kwenye maktaba. Ikigoma kuhifadhi, au ikitoa kosa la hifadhidata, simama hapo hapo. Katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ritifaa hiyo iliyonyooka ndiyo inayofunga maandishi, na jina likiweza kuvunja sentensi yako ya SQL, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika kwenye kisanduku cha jina maneno yatakayofuta akiba za watu. Dawa ni kutounganisha jina ndani ya sentensi; kwa sqlite3, hifadhidata ndogo inayokuja na Python, unaweka alama ya ? na jina unalipitisha kando. Kwa kuwa ni fedha za wanachama, usijiridhishe peke yako: mwite mhadhiri wako au mtu anayefanya kazi hiyo, akae na wewe mezani apitie kila mahali. Na ukikuta tundu la namna hiyo kwenye maktaba ya watu, usilitangaze kwenye hoja za wazi. Tafuta faili lao la usalama, uwaandikie faragha.

La pili ni umiliki. Kama SACCOS wanakulipa na mmeandikiana, angalia karatasi inasema msimbo ni wa nani kabla hujautuma nje. Miradi mingine itakutaka uweke mstari wa Signed-off-by, desturi iliyoanzia kwenye Linux mwaka 2004. Ukiuweka unathibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kama huna hakika, muulize mwanasheria au ofisi ya chuo, usiniulize mimi.

Jumamosi moja inatosha kwa yote haya, na mwenzako mmoja anayeijua Git akikaa pembeni itatosha nusu yake. Yule mzee wa risiti mchapie nyingine kabla ya mkutano mkuu, umpelekee mwenyewe.